Fahali Aliyechinjwa Kabla Sijafika

Kuna mwanamume ambaye sijawahi kumwona hata kwa picha, lakini kwa muda mrefu alikuwa wa kwanza kuzungumza nami kila asubuhi. Sauti yake ilikuwa ikitumwa kwenye kikundi chetu cha wanawake wafanyabiashara wa Nyamira mjini. Amka. Jiamini. Ukiogopa, mwenzako atachukua nafasi yako. Nilimsikiliza nikikanda unga wa chapati, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Msiniulize kama nilimwamini. Mwanamke aliyefiwa na mume, mwenye jiko la kuni na oda za kubahatisha, akiambiwa ameumbiwa mambo makubwa, ataacha kuamini?

Siku moja akasema jina lako ndilo mtaji wako, liandike mahali kila mtu atakapoliona. Nikaenda kwa fundi wa kuandika mabango, akaniandikia jina la biashara yangu kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kila sufuria. Wenzangu wa kikundi wakanipigia makofi. Shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu, akanitania kwamba sasa hata sufuria zangu zina vitambulisho.

Niseme jina hilo lilisimama juu ya nini. Sisi ni Waislamu wa mji. Babu yangu alifika Kisii na mizigo ya duka, akaoa Mkisii, akazikwa hapa hapa. Nyumbani tuliongea Kiswahili, sokoni Ekegusii. Kazi yangu ni kupika chakula cha sherehe: harusi, hitima, akika za watoto wachanga, na mikutano ya maofisi ya kaunti. Wapishi wako wengi, na wengine, wallahi, wananishinda kwa pilau. Lakini Waislamu wa Kisii na Nyamira walikuwa wakiniita mimi kwa sababu walijua nyama yangu imechinjwa na shemeji yangu kwa bismillahi, na hakuna nyama nyingine iliyowahi kuingia kwenye sufuria zangu. Mtu alikula kwangu bila kuuliza. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, mengine ni vitunguu tu.

Basi ikaja oda ya harusi Gesima, kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Ilikuwa familia ya Wasabato, watu wa majani chai, na kilichonichekesha ni kwamba wazee wa nyumba hiyo hawanywi chai hata kidogo, kwa imani yao. Wanailima, wanaichuma, wanaiuza, halafu mgeni anapikiwa mchaichai. Nilielewana na mama wa bibi harusi kwamba fahali angengoja mpaka tufike, shemeji amchinje, ili kila mgeni ale. Alikubali mara moja. Huku kwetu watu wengi wamezoea hivyo.

Harusi ilikuwa Jumapili. Jumamosi ni Sabato, hakuna mtu wa nyumba ile ambaye angegusa kisu wala kuni, kwa hiyo kazi yote iliachiwa asubuhi hiyo moja. Na asubuhi hiyo ikanyesha. Pikapu yetu ilizama kwenye matope kabla hata hatujafika kituo cha kupimia majani chai, tukashuka kusukuma, mimi na buibui langu nimelikunja hadi magotini. Tulipoingia uani kwa watu, fahali alikuwa ameshachunwa ngozi.

Mjomba wa bibi harusi alinijia akitabasamu, mikono ameshanawa. Waliona tumechelewa, wageni wako njiani, wakaamua kunisaidia.

"Dada yangu, tumekupunguzia kazi," akasema.

Shemeji aliketi ukingoni mwa pikapu, kisu chake bado kimefungwa kwenye kitambaa. Nikamweleza mjomba taratibu, kwa Ekegusii, kwamba nyama ile siwezi kuipika. Nikaona uso wake unavyobadilika. Sikuona hasira. Niliona kuumia.

"Na sisi tuliomba kabla ya kuchinja," akasema. "Kwani Mungu wetu ni mwingine?"

Mtu akikuuliza hivyo uani kwake, siku ya harusi ya mpwa wake, unamjibu nini? Nilimwambia Mungu ni mmoja. Bado ile nyama sikuweza kuipika.

Mama wa bibi harusi hakugombana nami. Nilimwahidi kwamba pilau ya njegere, maharagwe, kabeji na chapati vyote vitatoka, na vitatoka kwa wakati. Nyama, dada zake wangeipika wenyewe kwenye moto wao. Tatizo lilikuwa sufuria. Za nyumba ile zilikuwa za kupikia watoto, na fahali mzima hawezi kuingia humo. Akanishika mkono akaomba sufuria moja tu. "Mama, usiniache niaibike siku ya mtoto wangu," akasema.

Nikampa. Wapo wanaotaka niseme nilikosea, na mimi sisemi. Sufuria huoshwa. Baadaye nilimuuliza sheikhe wa msikiti wetu na akaniambia hayo hayo: ioshe vizuri, upikie. Mtoto wa mwenzako yuko ndani anavalishwa shela, mama yake amekushika mkono, nawe umnyime chombo? Leo hii akiniomba nitampa tena.

Watu walikula wakashiba. Nilirudi Nyamira mgongo unaniuma, moyo umetulia, nikijiambia kwamba nimepita mtihani na sikuiuza dini wala sikumtupa mtu.

Kesho yake ikaja picha. Mashangazi wa bibi harusi wamezunguka sufuria ya nyama wakicheka, mmoja ameinua mwiko, na ubavuni pale, jekundu, jina langu, utadhani ndilo lililopigwa picha. Chini yake mtu ameandika shukrani: chakula kilikuwa kitamu, Mungu aibariki mikono ya mama huyu. Ilitoka kwenye kikundi cha familia ikaingia kingine, na kingine, mpaka ikafika Kisii kwetu. Na kule Gesima alikuwepo Mwislamu mwenzetu mmoja, mwenye hema na viti vya kukodisha, aliyefika mapema kufunga hema lake. Aliona mjomba akichinja. Aliondoka kabla sijafika. Alipoiona picha akasema alichokiona, wala hakuongeza neno. Watu wakaongeza wenyewe kwamba nyama ile niliipika mimi.

Wa kwanza walikuwa watu wa hitima. Walisema wameamua kupika wenyewe, mambo ni madogo tu. Halafu harusi iliyokuwa imeshapangwa ikapata mpishi kutoka nje. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningejibu, mdomo ninao. Lakini ukiambiwa "tutakuita, inshallah" kwa sauti ya upole, utajibu nini? Shemeji alisimama nje ya msikiti akaapa. Sheikhe alinisemea. Watu wakasikia, wakaitikia, wakaenda zao. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikajiliwaza.

Sauti ya kwenye simu haikukoma. Kuanguka ni mwalimu, ilisema. Sawa. Inuka, jipanguse vumbi. Nikainuka. Halafu asubuhi moja ikasema kwamba wanaokukimbia hawakuwa watu wako, waache waende. Nilizima simu. Nililia juu ya ule unga hadi nikaumwaga. Hawakuwa watu wangu? Wanawake walionifunga kanga ya eda nilipofiwa? Wanaume waliomwosha mume wangu? Wengine nitawatoa wapi mimi?

Na hili nitalisema ingawa linaniudhi: biashara imekua. Wasabato na Wakatoliki wa Gesima, wa Ogembo, wa Nyamira, hawana habari na hayo maneno, na ile picha iliwaonyesha kwamba ninaweza kulisha umati. Wananiita karibu kila Jumapili. Shemeji anawachinjia, nami sasa naenda kulala huko huko Jumamosi jua likizama, ili fahali asinitangulie tena. Nimenunua majiko ya gesi. Kikundi chetu kilinisimamisha mbele niwaeleze wenzangu siri ya kutokata tamaa. Nikasimama. Nikasema uvumilivu, nikasema nidhamu, wakapiga vigelegele, nikarudi kuketi. Ukweli ni kwamba naamka kwa sababu nina kodi ya nyumba na binti yuko chuoni, na kwa sababu nikibaki kitandani nayasikia maneno ya watu vizuri zaidi. Kama huko ndiko kukua, basi nimekua.

Mama yangu anaishi Kisii kwa kaka yangu. Kabla ya mambo haya alikuwa akija kwangu kila mwezi, na kazi yake ikawa kula na kunisema. Alikaa muda mrefu bila kuja, miguu ikawa ndiyo sababu. Halafu Alhamisi moja akapiga simu kwamba yuko steji ya Nyamira, niende nimpokee. Nilifurahi nikawa kama mwendawazimu. Shemeji akachinja kuku mlangoni pangu. Nikampika kwenye sufuria ndogo ambayo haijawahi kutoka nje ya nyumba yangu, na jambo hilo nikamwambia mama mwenyewe, bila kuulizwa.

Nilipoandaa meza, alisema daktari amemkataza mafuta, hivyo amejibebea chakula chake asinisumbue. Akatoa hotipoti kwenye kikapu, akaifungua. Ilikuwa nyama ya ng'ombe na viazi, na mafuta yameelea juu.

Tuliitazama wote wawili. Mama si mwongo, hajazoea, akawa anakigeuzageuza kile kifuniko.

"Mimi nakuamini, mwanangu," akasema. "Lakini nikirudi wataniuliza nimekula wapi."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuichukua ile hotipoti niitupe kwenye migomba ya jirani. Badala yake nikamletea maji ya kunawa, nikajipakulia kuku, nikaketi mkabala naye. Tulikula. Aliniuliza habari za binti yangu chuoni, nikamjibu. Alipomaliza alisimama kuosha hotipoti yake, nikamsogezea beseni na sabuni, akasema nisijisumbue, akatoka nayo nje akaioshea bombani.