Mbao Nzuri za Sebuleni

Kila nikipita kwa wauza asali sokoni Tabora, wakati wa madebe ya nta kuanikwa juani, huwa nabadili njia. Siogopi nyuki. Nakwepa ile harufu ya nta inapoanza kulainika, tamu kidogo, ya moshi kidogo, na ndani yake nasikia mafuta ya taa ambayo hayamo. Pua yangu ndiyo inayoyaongeza. Nyumbani kwetu nta haikuwahi kunukia peke yake.

Tuliishi Chemchem, katika nyumba ya ghorofa yenye kuta nene za udongo. Aliijenga baba yake Bibi, mtu aliyefika mjini na misafara akiwa mpagazi, akabaki, akafanikiwa. Chini palikuwa na stoo, na kibaraza ambapo Baba aliweka cherehani yake. Juu ndiko tulikoishi: sebule upande wa barabarani, kisha chumba cha Bibi, na nyuma kabisa chumba cha wazazi wangu, ambamo mimi na dada yangu Zuhura tulilala pia, nyuma ya pazia. Sakafu yote ya juu ilikuwa ya mbao za mninga, zilizolika katikati kwa miguu ya vizazi mpaka zikafanya mabonde. Ukiachia karanga mlangoni, ilibingirika yenyewe hadi katikati ya chumba. Tulishindana kwa mchezo huo, na Zuhura alinishinda daima kwa kuwa alijua bonde lipi lina kina.

Tulijuana kwa milio. Baba akikanyaga karibu na ngazi, ubao ulilia kama bata. Mama alipita juu ya mbao zilezile bila sauti. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alimtambua mtu kwa mguu wake, na mara nyingine aliitikia marahaba kabla mgeni hajatoa shikamoo.

Kila Alhamisi tulipaka nta. Mama aliiyeyusha jikoni, akaichanganya na mafuta ya taa, nasi watoto tukaisugua sakafuni kwa vipande vya kaniki, tukiwa tumepiga magoti, kuanzia sebuleni kurudi nyuma. Sebule iling'aa kiasi kwamba mjomba wangu mmoja, aliyeingia kwa madaha na soksi mpya, alifika kwa Bibi akiwa amekaa. Bibi alimwambia karibu, umekwisha kukaa. Alikuwa akituambia kwamba mgeni akivua viatu, habari ya kwanza anayoipata kuhusu nyumba ni ile anayoikanyaga.

Kwa hiyo sebule ilitunzwa kuliko vyumba vingine vyote. Ubao wa sebuleni ukipasuka, Baba hakununua mwingine. Alikwenda chumba cha nyuma, akang'oa mmoja ulio mzima, akauleta mbele. Pengo la nyuma aliliziba kwa mbao laini za masanduku ya bidhaa, alizopewa na mwenye duka wa Kihindi jirani yetu. Juu yake Mama alitandika mkeka. Mwaka baada ya mwaka mninga ulihamia mbele, na masanduku yakahamia nyuma. Katika kona tulipolala mimi na Zuhura, ubao mmoja ulikuwa bado na maandishi ya kampuni ya chai, na ndio ubao niliojifunzia kusoma.

Mama alisema. Ninataka jambo hili lieleweke. Alimwambia Baba kwamba sakafu ya chumba chake inabonyea. Baba akapanda, akapiga kisigino mara chache karibu na mlango, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mninga huu utatuzika sisi sote," akasema, akashuka kwenye cherehani yake. Mama akaomba tuhamie stoo, sisi wa chumba cha nyuma. Bibi, mwenye nyumba, akajibu kuwa wanawake wa nyumba hii hawajawahi kulala chini na magunia. Kisha Mama akaanza kumwonyesha Baba unga. Kila asubuhi stooni, chini ya chumba chake, palikuwa na kichuguu kidogo cha unga wa rangi ya maziwa ya chai. Alikifagia, na kesho yake kilikuwapo tena. Baba aliinama, akautia kidoleni, akasema ni vumbi la ukuta. Alhamisi iliyofuata aliagiza chumba cha nyuma kipakwe nta mara mbili.

Kisha Zuhura akaposwa. Kijana alikuwa wa Tura, na wazee wake wangekuja kwa treni. Baba alitembea sebuleni siku nzima akitazama chini. Jioni alipanda na nyundo, akachukua mbao za mwisho za mninga zilizobaki chumba cha nyuma, zile za kati ya kitanda na mlango. Mama alikaa kitandani, miguu ameipandisha, akamwangalia akizing'oa. 

Treni ilichelewa kama kawaida yake, na wageni walifika baada ya adhuhuri wakiwa na njaa na furaha. Wazee walikaa sebuleni pamoja na Baba. Zuhura alifichwa kwa Bibi. Mimi nilingoja na birika la kahawa na sahani ya kashata, na Mama akaenda chumbani kutoa vikombe vizuri, vilivyokaa sandukuni chini ya kitanda.

Hakurudi. Nikamfuata.

Nilimkuta ameketi sakafuni, au nilidhani ameketi. Mguu mmoja ulikuwa umekunjwa juu ya mkeka. Mwingine haukuwapo. Ubao wa sanduku ulikuwa umekatika vipande viwili na boriti iliyokuwa chini yake imekatika pia, naye alikuwa ameshika tendegu la kitanda kwa mikono yote miwili. Jasho lilimtoka puani na kidevuni. Kwa mlango nilioacha wazi tulimsikia kutoka sebuleni mgeni mmoja akisema mbao kama hizi siku hizi hazipatikani, na Baba akimweleza, kwa sauti ya kujizuia kufurahi, kwamba ni mninga mtupu.

Nikasema nimwite Baba.

"Vikombe vile pale," Mama akasema. "Peleka kahawa. Ukitoka, funga mlango."

Nikafunga. Nikamimina kahawa kwa wazee wote, kwa mpangilio wa umri, kama nilivyofundishwa. Mzee mmoja alitania kwamba na huyu mdogo wamchukue kabisa, wasije wakapanda treni tena. Wakacheka, na Baba akacheka. Posa ikakubaliwa. Wakasoma fatiha, nami nikiwa na sinia kwapani nikainua mikono, na kule chumba cha nyuma kulikuwa kimya.

Mama alitolewa wageni walipokwisha kuondoka. Nyonga yake haikupona sawasawa. Tangu hapo naye tulimjua kwa mlio: fimbo, kisha mguu, kisha ule unaoburutwa. Bibi aliisimulia habari hiyo katika kila harusi, jinsi mkwe wake alivyoficha maumivu ili heshima ya nyumba isimwagike, na wanawake walipiga vigelegele. Nami nilikua nikiamini kwamba huo ndio ushujaa, na kwamba siku moja nitatakiwa kuwa nao. Zuhura aliamini zaidi yangu. Alikaa Tura miaka kadhaa bila kulalamika hata mara moja, na aliporudi alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto.

Shule niliishia darasa la saba. Ninayoyajua kuhusu mbao nimeyasoma katika vitabu vikuukuu vya useremala, na mengine nimeyauliza. Mbao zetu ziliunganishwa kwa ulimi na mfereji, kila mmoja ukiugawia jirani yake uzito; ukiutoa mmoja na kuweka wa sanduku, ule wa sanduku unabeba peke yake. Kila kuhamisha kulimaanisha misumari mipya katika maboriti yaleyale. Na maboriti hayakuwa ya mninga. Yalikuwa ya mti mwepesi, na vichwa vyake vilikaa ndani ya udongo uliolowa kila masika, ambamo mchwa walipanda taratibu. Tulipaka nta juu ya kitu kisichokuwa na ugonjwa.

Nyumba ilipobomolewa, mbao za sebuleni zilitoka nzima. Maboriti yalisagika mikononi mwa vibarua kama biskuti iliyoingia maji. Baba, mzee sana wakati huo, alisimama barabarani akiwaonyesha wapita njia zile mbao zilizoegemezwa kwenye ukuta wa jirani. "Tazameni mninga," aliwaambia. Alikufa na usemi huo mdomoni.

Mama alinihamia, kwenye nyumba yangu ya sakafu ya saruji. Siku moja nikimkanda nyonga nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele siku ile. Nilitegemea ataniambia habari ya heshima na wakwe. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo ambao hajali sana kama ataupata.

"Nilikuwa nimeshaita, Tatu," akasema. "Siku ile nilikuwa sina tena wa kumwita."

Akaniomba nikande chini zaidi, penye mfupa.