Vikombe vya Rafu ya Juu

Mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye wagonjwa humwita Mama Polepole, ana viganja vya moto na sauti ya mtu anayeagiza vitunguu. Akikukunja bega hutazama dirishani, kana kwamba maumivu ni ya jirani. Ukilia, "Mama, unaniua!" hukujibu, "Maiti halalamiki, baba. Inua tena." Chai yake ni ya bure, ila vikombe amevipanga kwenye rafu iliyo juu ya kichwa, na hamteremshii mtu.

Kinyozi mwenye bega lililoganda alikuwa hajaionja chai hiyo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukigoma ukifika kifuani, na vichwa vya wateja havikuwa tayari kushuka huko. Kazi alimwachia shemeji yake, muuza viatu, na wateja wakaanza kuhama. Asubuhi moja kinyozi aliingia kwa Mama Polepole akifoka: "Jana kamnyoa bwana harusi, Mama! Kisogo kama shamba lililolimwa na walevi wawili waliogombana!" Alikuwa bado anafoka alipogundua kwamba ameshusha kikombe rafuni, tena kwa mkono wa kulia. Akautazama ule mkono kama ndugu aliyekwisha kuliliwa matanga, kisha akashusha pumzi ndefu. Shemeji angerudi kwenye viatu vyake, na mji ungepona. Akamgeukia Mama Polepole, akingoja walau hongera.

Mama Polepole alimimina chai, macho dirishani.

"Sukari iko juu zaidi," akasema.