Nilibadilisha pickup ya drum kuwa disc Garissa, nikadhani moshi ni wa maziwa

Wakuu, assalamu alaikum, na salamu kwa wasio wa dini yangu pia.

Haya yalinipata mwenyewe. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Shule nilikaa kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Miaka ya tisini nilikuwa naendesha pickup kuukuu ya binamu yangu hapa Garissa. Asubuhi natoka barabara ya Habaswein, napakia akina mama na maziwa yao ya ngamia, nawaleta sokoni.

Breki zilikuwa drum, zile zilizofungiwa ndani ya ngoma ya chuma, mbele na nyuma. Kwenye barabara kavu hazikuwa na neno, lazima nizitendee haki. Shida ni laga, yale makorongo ya mchanga yanayojaa maji mvua ikinyesha. Ukishavuka maji na mchanga, unakanyaga pedali kama umekanyaga godoro.

Madereva wote tulipampu. Moja, mbili, tatu, unasoma dua, ya nne inashika.

Siku moja, ya nne haikushika. Tulitoka lagani tukaingia moja kwa moja kwenye zizi la miiba la watu. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillah, lakini akina mama walishuka wakakataa kupanda tena.

Mkubwa wao alikuwa Eedo Halima, shangazi yangu, dada ya baba. Akaniambia mbele ya wote, "Abdi, mimi si mbuzi. Gari yako ikijifunza kusimama, niite."

Bila wale mama sikuwa na kazi. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa kuwaua.

Nikaenda kwa fundi Mutiso. Alikuwa na mabaki ya pickup ya kampuni ileile, ya miaka ya karibuni, iliyopinduka. Mbele ilikuwa na disc, sahani ya chuma iliyo wazi.

"Sijawahi kufanya hii kitu," akaniambia. "Ukitaka mwenye uhakika, nenda Nairobi."

"Nairobi nitafika na breki gani?"

Akacheka, akachukua spana.

Hub, disc na caliper za kuibana zilikubali kwenye gari letu. Nyuma tukaacha drum. Masta silinda, inayosukuma mafuta ya breki, nayo tukaacha ya zamani kwa sababu haikuvuja. Tuliamua wote wawili, sitaki kumsingizia.

Tulipojaribu, mguu wangu ukapampu kwa mazoea. Gari likasimama ghafla, Mutiso akagonga paji la uso kwenye kioo.

"Wacha kupampu, bwana. Hii si ile ya jana."

Nikamwita Eedo. Wenzake bado walisita, yeye akapanda mbele. "Nakaa hapa. Akigonga kitu, nianze mimi." Ndipo wakapanda.

Sasa, kwa asiyejua: vyombo vya maziwa ya ngamia tunavifukiza kwa moshi wa kuni ili maziwa yakae. Gari langu lilinuka moshi siku zote. Kwangu ilikuwa harufu ya kazi.

Tukirudi mjini na maziwa, gari likawa zito. Nikasema ni mzigo. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikasema ni vyombo.

Eedo akainua pua. "Nini inaungua?"

"Vyombo vyenu, Eedo."

"Moshi wangu naujua. Huu si wa kuni. Simama."

Nilitaka kubishana. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa laga. Sijui kwa nini nilimtii, labda kwa sababu ni shangazi.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi, disc zimegeuka rangi ya bluu. Breki zilikuwa zimeshika bila kuachia. Mafuta ya breki yangechemka tukiwa kwenye mteremko, pedali ingezama tupu, na mama wote wale nyuma.

Mama mmoja alitaka kuzimwagia disc maji. Nikamzuia, chuma kingepasuka. Tulingoja kipoe, nikalegeza nati za kutolea hewa, mafuta kidogo yakaruka, magurudumu yakaachia. Tukaingia Garissa kwa gia na hendibreki.

Mutiso alifungua masta akatoa kivalvu kidogo. Alivyonieleza, kazi yake ni kubakiza presha kidogo kwenye paipu. Drum inaitaka presha hiyo, disc inabanwa nayo. Sikumlaumu, alikuwa amenionya.

Sikutegemea Eedo apande tena. Alipanda, mbele palepale.

Laga ilikuwa na maji. Tulipotoka upande wa pili, ngamia walikuwa wamejaa barabarani. Nikakanyaga mara moja. Gari likasimama, likatulia.

Nyuma mtu akauliza, "Tumefika?"

"Ngamia wanapita," Eedo akajibu. "Kaeni."

Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu siku ya zizi. Nilipomtazama Eedo tena, alikuwa amelala, kichwa kwenye mlango. Alilala mpaka sokoni.

Nilichojifunza: ukiweka disc, angalia masta kwanza. Na harufu uliyoizoea, muulize aliye karibu nawe kama ndiyo ileile.

Huenda kuna pahali nimekosea kiufundi, mafundi mnisahihishe. Na nyinyi wa Bute na Griftu, kule Wajir, mlioendesha drum enzi zile, mkitoka lagani mlikuwa mnasimama vipi?