Mama Lydiah Aliyemnawisha Shalom

Mimi Ndeshi, muuguzi, nina mdomo, Grand Prairie nzima hapa Texas inajua. Daktari akikosea wodini kwetu, namwambia hapo hapo. Lakini niweke mbele ya mwalimu, nafyata. Ndivyo nilivyolelewa Marangu: ukishamkabidhi mtoto shuleni, mwalimu ndiye anayejua, mzazi nunua madaftari unyamaze.

Kwa hiyo shule ilipotuma fomu kuuliza mazoea ya nyumbani ya binti yetu Shalom, ambaye ana usonji, niliandika: "Hakuna la kuongeza, walimu wanajua zaidi." Nikajiona nina adabu kweli! Mume wangu Deo akasaini bila hata kusoma.

Shalom ana miaka saba. Asubuhi alisoma vizuri na wenzake. Mchana ikawa balaa. Hagusi chakula, na ikifika saa nane analia, anarusha vitabu. Walimu wakabadilisha chakula, wakabadilisha kiti, wapi! Mwisho wakatuita kwenye kikao cha Alhamisi: walifikiria kumtoa darasani kwa wenzake, wampeleke darasa la peke yake.

Jumanne, nikiwa nimeenda kumchukua, mama mmoja mwenye aproni akaniita kwenye maegesho. Lydiah, Mkenya wa Kericho. Kwao alifundisha chekechea miaka ishirini na miwili, akamfuata binti yake Texas, vyeti vyake huku havikukubaliwa, sasa anagawa chakula kantini.

"Mama Shalom, hebu kuja. Huko nyumbani, mtoto hunawishwa mezani?"

Nikawaka. "Kwani mwanangu mchafu? Mama, wewe gawa chakula. Mambo ya mwanangu yana wataalamu wake."

Nilimjibu hivyo mtu wa umri wa mama yangu! Hata hakukasirika.

"Maliza kwanza, halafu uniskize," akasema. "Huyu mtoto hakatai chakula. Nimemwangalia wiki tatu. Anatoa mikono hivi juu ya meza, anangoja maji. Hakuna mtu anamwagia. Wanadhani ni ile tabia yake ya usonji tu, wanamshusha mikono, anaanza kulia."

Jamani! Nyumbani kwetu bibi yake hupita na jagi na beseni kabla ya kila mlo. Shalom hunyoosha mikono, akishamwagiwa ndipo anakula. Mwanangu akishazoea mpangilio haruki hatua hata moja. Mimi najua hilo kuliko mtu yeyote, na sikumwambia mtu. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

"Waambie kwenye kikao," akasema.

"Mama Lydiah, mimi nikamfundishe mwalimu?"

"Mimi pia ni mwalimu. Mzazi aliyenichosha kuliko wote ni yule wa kuninyamazia. Ongea!"

Alhamisi nikaongea. Mwalimu wa Shalom akashika kichwa. "Na sisi kila siku tunamshusha mikono! Asante. Mengine je? Niambie yote." Yote! Nikamwambia anavyopenda kukaa ukutani, anavyoziba masikio mashine ya kukaushia mikono ikilia. Kumbe ndiyo maana hata chooni hakuwa ananawa. Wakakubali kusubiri mwezi mmoja ndipo waamue. Mama Lydiah atamnawisha, na kila siku mimi na mwalimu tutaandikiana yaliyotokea kwangu na kwake.

Siku ya kwanza ujumbe ulinikuta kazini: "Amekula chakula chote. Ameomba tena." Nikalia pale pale kwenye toroli la dawa, mgonjwa wangu akaanza kunipa pole bila kujua ya nini.

Mwezi ulipoisha tulikaa tena. Mwalimu alisema maneno machache tu: Shalom anabaki darasani kwake. Deo akashukuru kwa niaba yetu, maana mimi nilishatoka mbio kwenda kantini.

Mama Lydiah alikuwa anapiga deki. Nikamwambia, mtoto anabaki. Akaegemea fagio la deki, akafuta macho kwa aproni. Nikataka kumwomba radhi kwa yale ya kwenye maegesho, nikataka kumshukuru, maneno yakagoma, mimi mwenye mdomo wangu wote. Nikaanza kupiga magoti.

"Wewe! Toka hapo, sakafu imelowa!"

Nikapiga magoti hivyo hivyo.