Vita vya Jangwani Ukumbini kwa Mama

Miaka ya themanini tulikuwa walimu vijana pale Wete, Pemba, mie nikisomesha hesabu na rafiki yangu jiografia. Mwalimu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake akagawa vitu asivyoweza kurudi navyo kwao. Wenzetu waliwahi feni na masufuria. Sisi tulichelewa, tukapata boksi la mchezo wa vita.

Tulidhani ni kitu kama karata, cha kumaliza baina ya alasiri na magharibi. Tulipolifungua ukumbini kwa mama, ikatoka ramani ya jangwa iliyoenea mkeka mzima, vijipande vya kadibodi vidogo kama ukucha, kila kimoja kikosi cha askari, na kitabu cha sheria kinene kuliko chochote nilichosomeshea. Ilikuwamo sheria ya upepo wa mchanga. Ilikuwamo sheria ya punda kuugua, na nyingine ya punda huyo akipona. Rafiki yangu, ambaye hakuwahi kusahihisha madaftari kwa wakati, alizisoma kwa sauti kama mtu mwenye mtihani kesho.

"Kifaru hakitembei bila ya mafuta."

"Na mafuta?"

"Yaletwa na lori."

"Na lori?"

Akafunua kurasa. "Nalo lataka mafuta."

Kuyapanga majeshi tu kulitumalizia mwezi wa Rajabu. Mama akawa anapita ubavu ubavu ukutani na sinia la chai, kanga ameikusanya mkononi isije ikafagia kikosi. Hakulalamika. Kilichomtia wasiwasi ni maneno yetu, maana dirisha la ukumbi lilitazama njia, na rafiki yangu hakujua kusema taratibu.

"Nitakuvamia kutoka kusini!" akapiga kelele. "Bandari naitaka!"

Mama akawahi kufunga dirisha. "Wanangu, hayo si maneno ya kusemwa dirishani. Watu hapa hawajasahau ya sitini na nne."

Hakukosea. Alasiri moja tukasikia hodi, akaingia balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole lakini aliyeuchukulia ubalozi wake kwa uzito. Alimsalimia mama salamu ndefu, akakaa, akapokea chai, ndipo akaitazama ramani.

"Nimeambiwa kuna vijana wanapanga vita."

"Ni mchezo, mzee wangu," nikasema.

"Mchezo wenye vifaru?"

Rafiki yangu, mwenye kelele zake zote, alikuwa anaangalia dari. Balozi akavaa miwani, akainama.

"Pemba ipo wapi humu?"

"Haimo, mzee."

"Na Unguja?"

"Nayo haimo."

Hakuniamini. Alitafuta mwenyewe, kidole chake kikipita polepole juu ya jangwa lote hadi ukingo wa karatasi. Kisha akavua miwani.

"Basi piganeni."

Lakini hakuondoka. Alimaliza chai, akauliza nani anashinda. Tukamwambia vita bado, majeshi yanangoja mafuta yashushwe bandarini.

"Meli haijafika?"

"Haijafika."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyekwisha kusimama foleni ya unga. "Hayo nayajua."

Tangu hapo ikawa kila akitoka msikitini alasiri anapitia kwetu, anakunywa chai, anauliza habari za meli. Mama akaanza kumkaangia na muhogo. Hata mafuta yalipofika, balozi alikuwapo, amejongea ukingoni mwa kiti. Nikavituma vifaru vyangu. Rafiki yangu akarusha dadu, akatazama jedwali, jedwali likampeleka kwenye jedwali jingine. Akaanza kulisoma upya.

"Haya, sema," balozi akamhimiza.

"Pande zote mbili zirudi nyuma."

Mzee akainuka. "Zirudi wapi? Si ndiko zilikotoka?" Akaiacha chai yake nusu, akatoka bila ya kuaga, na sijapata kumwona amekasirika namna ile hata kwenye mikutano.

Haukupita muda karafuu zikaiva, na mama akautaka ukumbi wake wa kuchambulia. Akatupa muda mpaka Ijumaa. Tulivikusanya vijipande, rafiki yangu akiapa kwamba angenishinda kabla ya Ramadhani. Jioni ile ukumbi ukajaa majirani na karafuu mbichi, tukapewa rundo letu tuchambue kama watu wengine.