Mgonjwa Ni Nani Wako

Picha ya Bibi ilikataliwa kwa sababu ya jicho. Mtandao wa kuombea kibali cha kusafiri ulitaka mtu atazame mbele, macho yote mawili yawe wazi, na nyuma yake pawe peupe. Jicho la kushoto la Bibi lilikuwa limefungwa na uvimbe tangu mwisho wa masika, na jicho hilohilo ndilo lililokuwa linatupeleka ng'ambo. Nilimweleza hivyo dada wa steshenari pale Musoma mjini. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki, akaacha.

Basi nikarudi Butiama kwa Bibi, nikatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nje wa jiko, nikamkalisha Bibi kwenye kigoda. Alichukia kuvuliwa kitambaa cha kichwa. "Nimekuwa nani mimi, wa kukaa kichwa wazi kama nasubiri kunyolewa?" aliniuliza, na kila nilipoinua simu alikunja uso. Nilipiga picha mpaka chaji ikakaribia kuisha. Safari hii niliiambatanisha na barua ya daktari, ikapita. Nilifurahi kama vile kazi imekwisha.

Daktari mwenyewe ni yule wa macho ambaye alikuwa anakuja Bunda kuona wagonjwa. Alituambia uvimbe uko nyuma ya jicho, na kwamba ukiachwa utaingia kichwani. Alijua hospitali moja nje ya nchi inayotibu uvimbe wa aina ile, akaandikiana nao, nao wakakubali kumpokea. Nchi yenyewe siitaji, maana haina kosa. Tuliuza ng'ombe, waumini wenzangu wa Makoko, ninakoishi, wakachanga, pasipoti zetu mbili zikatoka. Kilichobaki kilikuwa vibali, na vibali siku hizi havina foleni wala dirisha. Vinaombwa mtandaoni, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha anayemsindikiza. Hospitali ilikuwa imesema wazi kwamba mgonjwa wa umri ule hapokelewi peke yake. Kama mimi sipati kibali, Bibi hatibiwi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa kuwa kila mtu analijua. Bibi hakuzaa. Mumewe alifariki bila mtoto, na baada ya hapo Bibi alitoa ng'ombe akamuoa mama yangu. Watu wa Tarime wanaiita nyumba ntobhu, na sisi tunayo vilevile. Watu wa mbali wakisikia mwanamke kaoa mwanamke wanaanza kukonyezana, na mimi nimechoka kuwaeleza. Hawakuwa wapenzi. Mama alizaa na mwanamume aliyemchagua mwenyewe, mwanamume huyo akaenda zake kwa kuwa hakuwa na haki yoyote, na mimi nikawa mtoto wa aliyetoa ng'ombe. Mchungaji wetu haipendi desturi hiyo, lakini alinibatiza. Karani aliyeandika cheti changu cha kuzaliwa alikuwa mtu wa hukuhuku; alipofika kwenye jina la baba aliandika jina la Bibi bila hata kuuliza. Nilimwita Bibi kwa sababu ya umri wake tu. Mama alifariki nikiwa shule ya msingi, akazikwa nyuma ya nyumba, mahali anapozikwa mke wa mji ule. Bibi akanilea. Alitaka mtoto wa kiume, akapata mimi, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kwa hiyo swali la jina la baba halikunisumbua hata kidogo. Niliketi karibu na dada wa steshenari, nikamtajia jina la Bibi, akaliandika kama lilivyo kwenye cheti. Lilipokuja swali la mgonjwa ni nani wako, tukachagua mzazi. Tukapakia pasipoti, cheti, barua ya hospitali, tukatuma. Nilirudi Makoko kushona sare za shule, maana ndiyo kazi yangu, na kila simu ilipolia niliacha cherehani.

Jibu lilikuja kwa barua pepe. Dada alinitafsiria polepole, huku akifuata maneno kwa kalamu kwenye kioo cha kompyuta. Walisema mgonjwa ni mwanamke kwa mujibu wa pasipoti yake, lakini kwenye ombi langu anaonekana kuwa baba. Nirekebishe. Kama sisi si ndugu, nichague rafiki, kisha niambatanishe tamko lililosainiwa na mgonjwa mwenyewe.

Tuliandika maelezo kwanza. Yalikuwa marefu, na dada alijitahidi sana kutafuta Kiingereza cha kutoa ng'ombe. Walijibu kwa maneno yaleyale ya mwanzo. Mpaka leo sijui kama upande wa pili palikuwa na mtu au mashine, na hilo liliniudhi kuliko jibu lenyewe. Mtu ningemlilia.

"Dada yangu, si uweke tu rafiki?" aliniambia. "Watu wanawekaga chochote pale. Cha muhimu kibali kitoke, mgonjwa atibiwe."

Nilikubaliana naye. Tukaandaa tamko, mistari michache: Mimi, mgonjwa, nathibitisha kwamba mwombaji si mtoto wangu wala si ndugu yangu. Ni rafiki anayenisindikiza hospitalini. Kwa kuwa Bibi hajui kusoma wala kuandika, dada aliniazima kidau chake cha wino ili aweke dole.

Nilimkuta uani anageuza udaga kwenye mkeka, kitambaa kimefunika jicho. Muhogo wa mwaka ule ulikuwa mzuri. Alinyoosha mgongo, akaniuliza kama watu wa ng'ambo wamejibu, nikamwambia wamejibu, bado dole lake tu.

Ningeweza kumdanganya. Njiani nilikuwa nimejifunza la kusema, kwamba ni barua ya hospitali ya kukubali matibabu, na angeweka dole huku akiniuliza habari za mjini. Lakini yeye alifuta mikono, akaketi, akasema, "Soma." Nikasoma, kwa lugha ya nyumbani, jinsi ilivyoandikwa.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Nani kaandika?"

"Nimeandika mimi, Bibi. Wao ndio wanataka hivyo. Ni karatasi tu."

"Na ng'ombe nilizotoa, zilikuwa karatasi?"

Nilijua anachosema. Kwetu, aliyetoa ng'ombe akitamka kwamba mtoto si wake, amevunja ile ndoa. Nyumba imekufa. Na mama yangu, aliyelala pale nyuma hatua chache kutoka kwenye mkeka wa udaga, angekuwa mgeni aliyezikwa kwa watu. Yote hayo nilikuwa nimeyabeba kwenye mkoba pamoja na kidau cha wino, nikiyaita mistari michache.

Nilimwambia basi aende na mtoto wa kaka yake, yule wa Kibara mwenye mitumbwi, yeye ni damu na hakuna atakayemuuliza kitu.

"Yule ananijulia wapi? Alikuja lini hapa?"

Nikapandisha sauti. Nilimwambia ni mkaidi, na kwamba watu wamechanga, na kwamba huo uvimbe haujui mila. Mwishoni nilimwambia neno ambalo mtu hamwambii mzazi.

"Utakufa, Bibi!"

"Nitakufa," akasema. "Ila nitakufa nina mtoto. Ondoa hicho kitu hapo, kitachafua udaga."

Nilikasirika mpaka nikalia. Lakini sitasema nusu ya jambo. Ndani ya ile hasira nilifurahi. Maisha yangu yote nilikuwa nikijiuliza kama alinipenda au alinipokea tu, kwa kuwa ng'ombe walikwishatoka na aliyezaliwa hakuwa mvulana. Siku ile nilipata jibu, na nililipata kwa bei ambayo hakuna mtoto anayepaswa kutaka ilipwe. Furaha ile ndiyo inayonitafuna. Ningependa kukumbuka hasira peke yake.

Kibali cha Bibi kilitoka vizuri kabisa. Dada alikichapa kwa rangi, na ile picha ikaonekana juu kulia, Bibi kichwa wazi, jicho moja linatutazama kwa ghadhabu. Changu hakikutoka. Dada alininong'oneza niweke dole langu mwenyewe kwenye tamko, nani atajua la nani. Nilifungua kidau, nikakifunga. Tuliandika maelezo mara nyingine, tukaomba barua ya kijiji, daktari wa Bunda naye akaandika. Hospitali ilisema inasikitika na kwamba inatusubiri. Muda wa kibali cha Bibi ukaisha kikiwa kwenye bahasha, juu ya kabati langu Makoko.

Nilihamishia cherehani Butiama. Uvimbe ulifanya kila kitu daktari alichosema utafanya. Ulianza kumtoa jicho, kisha ukaja kwenye maneno yake, akawa ananiita kwa jina la mama. Dawa za maumivu nilizifuata Musoma, na zikiisha kabla sijafuata nyingine, alikuwa anauma upindo wa khanga yangu ili majirani wasimsikie. Nyakati hizo nililichukia neno lake la kwenye mkeka. Nilimchukia hata yeye, kisha nikamgeuza upande wa pili, nikamfuta mdomo.

Alifariki asubuhi moja ya mvua, kabla ya wakati wa kwenda shamba. Tulimzika karibu na mama. Mtoto wa kaka yake alikuja kutoka Kibara, akaleta samaki kwa ajili ya waombolezaji, akakaa nyuma na wanaume wengine. Wazee walipotaka mtu wa kutangulia kutupa udongo, hawakutazamana. Waliniita mimi.

Baadaye nilikwenda ofisini, palepale Butiama, kuandikisha kifo. Karani alikuwa kijana wa miwani, kompyuta mbele yake, na alikuwa na haraka ya kwenda kula.

"Marehemu ni nani wako?"

Nilikuwa nimekwishaanza kutafuta maneno, ng'ombe, mama, mumewe aliyefariki, cheti changu, yote yale tuliyoyaandika na dada wa steshenari yasisaidie kitu.

"Baba yangu," nikasema.

Alitazama jina, akatazama pale kwenye jinsia palipoandikwa ke. Akapiga vitufe vyake.

"Mtoto," alisema taratibu huku akiandika. "Pole sana, dada. Ulikuwepo alipofariki?"

Nikamwambia nilikuwepo.