Kadi ya Shingoni

Etagegn hakuwa mtu wa kuamini upesi. Pale soko la Shola, Addis Ababa, alikouza pilipili ya kusaga na unga wa dengu tangu ujana wake, noti aliyopewa aliinusa kwanza, akaikunja, akaikunjua, kisha akaiinua kwenye mwanga. Wateja walishamzoea.

"Mama Meaza, hiyo noti haijafa, mbona unaichunguza kama maiti?"

"Iliyokufa hainitishi," hujibu. "Naogopa isiyozaliwa."

Mumewe alipokuwa hai, mambo ya benki yalikuwa yake. Alipofariki, Etagegn aliacha kwenda benki kabisa, akawa anaweka pesa zake chini ya gunia la unga, na mwaka ule noti zilipobadilishwa alipanga foleni akiwa amezikumbatia, zote zikinuka pilipili, karani akipiga chafya moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo binti yake Meaza, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Stockholm, hakumwacha apumzike. Akamtumia kadi iliyounganishwa na akaunti yake mwenyewe. "Mama, siku ukisafiri usitembee na pesa mwilini. Chukua kadi hii, ingiza namba ya siri, mashine itakupa."

Etagegn aliishonea kifuko cha kitambaa, akakivaa shingoni pamoja na uzi wake wa ubatizo. Hata kuoga alioga nacho, amekishika kwa meno kisilowe.

Kwaresima ya mwaka huu Mungu alimjalia kwenda Yerusalemu kuhiji. Majirani zake wa Gulele, wale wa chama chao cha kuzikana, walifurahi kuliko yeye. Kila nyumba ikampa birr za mishumaa, maana moto unaowashwa kwenye kaburi la Yesu Jumamosi kabla ya Pasaka kila mtu anautaka nyumbani kwake, hata kama ni utambi tu ulioguswa nao. Birr hazinunui kitu Yerusalemu, kwa hiyo Etagegn alizifungia sandukuni kwake, akawaambia mishumaa atainunua huko kwa pesa za kadi.

"Na kadi ikigoma?" jirani mmoja aliuliza. "Si nasikia nazo huwa zinakwisha muda?"

"Nimeisoma mwenyewe tarehe yake," alisema Etagegn. "Bado ina miaka na miaka."

Chumbani Yerusalemu walimpanga na Zenebech, mwanamke wa kichochoro kile kile cha nyumbani, mdogo kwake kwa miaka kama kumi. Zenebech aliwahi kufanya kazi za ndani Beirut, Kiarabu anakimwaga kama maji, na kila kitu mjini yeye ndiye aliyewaulizia wenzake: bei ya machungwa, njia ya kanisani, choo kiko wapi. Etagegn alimpenda. Lakini aliona pia kwamba Zenebech alimjua kila mwenye duka, na mtu anayejuana na kila mtu mahali pa ugeni, Etagegn hakujua amweke fungu gani.

Dola chache alizokuja nazo kutoka kwao zilikwisha juma la kwanza. Alhamisi Kuu ikafika, hana hata mshumaa mmoja. Akamwomba Zenebech amsindikize kwenye mashine.

"Unataka kiasi gani, dada?" aliuliza Zenebech, kidole tayari kwenye kioo.

"Usiulize kwa sauti."

"Hapa nani anajua Kiamhari?"

"Yule mlinzi ana uso wa kujua."

Zenebech alicheka. Mashine ilikuwa na lugha nne, ya kwao haimo, akachagua Kiarabu. Etagegn alijifunika shuka lake jeupe la kujitanda, yeye na mashine yote, mpaka vitufe mwenyewe havioni.

"Dada, unaingiza namba ya siri au unazaa?"

"Tazama kule."

Akabonyeza. Mashine ikanguruma ndani kwa ndani, trr, trr, kama mtu anayehesabu noti kwa kidole kilicholowa. Kisha ikatema kadi na kikaratasi, pesa hapana. Zenebech alikitupia macho kile kikaratasi, akakifinyanga, akakitupa pipani.

"Imekataa. Inasema wasiliana na benki yako."

"Mbona nimesikia inahesabu?"

"Haikuhesabu, ilikuwa inapumua. Twende ya pili."

Ya pili nayo ikafanya vile vile, ikanguruma, ikatema kadi. Safari hii Etagegn alikuwa mwepesi, kikaratasi akakinyakua yeye. Kilikuwa na Kiarabu mtupu. Akakikunja na kukitia kifukoni. Njiani alikuwa anaisikia tena ile trr, trr. Kama mashine imehesabu, basi imehesabu kwa ajili ya mtu. Na nani aliyekuwa anabonyeza hayo maandishi ambayo yeye Etagegn hayajui?

Hawajafika mbali, Zenebech akaingia duka la mishumaa na kununua vifungu vinne vinene. Alilipa kwa noti za shekeli mpya, ngumu, zisizo na mkunjo. Etagegn alizitazama noti zile namna alivyokuwa akizitazama za Shola.

"Umezipata wapi?"

"Nimebadilisha dola zangu asubuhi, ulipokuwa kwenye sala."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Dada, nimesema asubuhi." Zenebech alimgeukia. "Na wewe nikukopeshe kidogo mpaka kadi yako ipone?"

Hapo ndipo Etagegn alipozidi kushtuka. Mtu hakopeshi bila kuombwa, aliwaza, labda awe anarudisha kidogo cha alichochukua. Akasema hapana, asante.

Jioni walikula chakula cha Alhamisi Kuu, ngano na maharage ya kuchemsha, watu wanne sinia moja. Zenebech akafinyanga tonge na kulipeleka kinywani mwa Etagegn, kama watu wa kwao wanavyolishana wakipendana. Etagegn akageuza uso. Tonge likabaki hewani. Wale wawili wengine wakainamia sinia. Zenebech alilila mwenyewe, taratibu, na chakula kilipokwisha hakumnawisha mikono mtu yeyote, ingawa siku nyingine yeye ndiye aliyewanawisha.

Ijumaa Kuu ni siku ya kusujudu mpaka magoti yawake moto. Etagegn alisujudu na wenzake, ila kila paji lilipogusa sakafu, moyo wake ulikuwa kwenye kifuko. Usiku uliotangulia alikuwa amekipapasa akakikuta kimelala upande wa kushoto, na yeye hukilaza kulia. Kimejigeuza chenyewe? Na namba ya siri, je, si iliingizwa Zenebech akiwa bega kwa bega naye?

Alasiri akatoroka peke yake hadi mashine ya tatu. Akabonyeza kwa kubahatisha, ikakataa. Akabonyeza tena. Kijana mmoja mwenye koti akasogea, akamwonyesha kwa ishara kwamba amwachie amsaidie. Etagegn aliichomoa kadi, akaifumbata, akaondoka akitembea upesi kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kijana akamfuata hatua chache akiwa amenyoosha mkono. Baadaye kidogo Etagegn aligundua kuwa kijana alikuwa anamrudishia shuka lake, lililoanguka pale pale kwenye mashine. Hakusimama. Shuka akalipoteza.

Alifika kwenye nyumba ya wageni kichwa wazi. Wenzake walikuwa wamekaa ukumbini wakingoja saa ya kufungua saumu, na Abba Hailemeskel, padri aliyewaongoza, alikuwa anawasomea. Etagegn hakungoja amalize.

"Abba, nisamehe. Kuna mtu amechukua pesa za mishumaa ya watu wangu."

Padri alifunga kitabu. "Mtu gani, mwanangu?"

"Aliyebonyeza mashine. Aliyekitupa kikaratasi nisikione. Aliyenunua vifungu vinne saa ile ile." Jina hakulitaja, na halikuhitaji kutajwa.

Zenebech aliinuka. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akarudi na mkoba wake, akaumwaga mezani mbele ya watu wote: kitana, dawa ya kichwa, kitabu cha sala, soksi, pochi ya shekeli, na karatasi ya mwenye kubadilisha fedha. Akaisukuma karatasi kwa padri.

"Soma saa, Abba. Inasema asubuhi."

Padri aliisoma, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Karatasi inaandikwa na mtu," alisema Etagegn, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Huko Beirut," Zenebech alisema, akiwa bado amesimama, "mama niliyemfanyia kazi alipoteza pete. Alinivua nguo jikoni, akanipekua mpaka kwenye nywele. Ikaonekana kwenye sahani ya sabuni. Hakuniomba radhi, alinambia nipike. Nikajisemea, sawa, yule hanijui. Siku nikiwa kwa watu wangu hakuna atakayenipekua." Akageuka kumtazama Etagegn. "Nguo nazo nivue?"

Padri akatoa simu yake. "Kadi ni ya binti yako? Basi tumuulize yeye, tusiuane hapa."

Meaza alipokea akiwa kazini. Padri akaweka sauti ya kusikika na wote.

"Mama, nimeiangalia akaunti sasa hivi," Meaza alisema. "Pesa zote zipo. Hakuna hata senti iliyotoka, si leo wala jana."

"Ilihesabu, nilisikia."

"Haikutoa kitu, Mama. Inakataa tu. Hebu itazame kadi. Chini ya jina kuna mwezi na mwaka."

"Najua, nilishasoma. Mwezi wa pili, mwaka ishirini na sita." Etagegn aliisogeza kadi machoni. "Na huu ni kumi na nane. Bado miaka minane, si nilishakwambia?"

"Mama, kumi na nane ni kwa kalenda yetu, iliyo nyuma ya yao kwa miaka minane. Waliotengeneza kadi hawaijui kalenda yetu. Kwao ishirini na sita ni mwaka huu, na mwezi wa pili ni Februari. Imeshapita, Mama. Kadi imekufa tangu mwanzo wa Kwaresima. Mpya imekuja hapa kwangu, nikadhani ile yako inaendelea, kwa sababu uliniambia bado ina muda."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Kila mmoja pale aliihesabu miaka kama Etagegn, na mzee mmoja alikuwa tayari anaitoa kadi yake pochini kuitazama upya.

"Nitakutumia pesa leo," Meaza alisema, "ila zitafika Jumatatu."

Jumatatu moto utakuwa umeshawashwa na kuzimwa. Etagegn alisimama akiwa ameshika kadi isiyo na kazi. Aliziona nyumba za Gulele moja moja, akajiona yeye anashuka kwenye gari mikono mitupu, na watu wakisema kwa upole kwamba labda Mama Meaza alizila. Wangemwangalia kama alivyokuwa akiwaangalia watu maisha yake yote. Na mtu pekee aliyekuwa tayari kumkopesha alikuwa anarudisha soksi mkobani.

Alitoka uani. Kwao, aliyemkosea mwenzake hubeba jiwe shingoni na kuinama mbele yake mpaka aachiliwe. Pembeni mwa ua palikuwa na mawe ya ukuta ulioanguka. Akachagua moja, si dogo, akaliweka kwenye kisogo chake kisicho na shuka, akaingia ndani akiwa amejikunja na mikono miwili imelishika. Akainama mbele ya Zenebech.

"Niachilie, mdogo wangu. Nimekukosea mbele ya watu, na ninaomba mbele ya watu."

Zenebech aliendelea kupanga mkoba wake. Alikunja kitabu cha sala ndani ya kitambaa, akafunga zipu, akaifungua, akaifunga tena. Jiwe lilianza kutetemeka. Padri alitaka kusema kitu, akajizuia, kwa sababu neno hilo halikuwa lake.

"Ulikataa tonge langu," alisema Zenebech.

"Nilikataa."

"Hilo limeniuma kuliko la pesa."

"Najua."

Zenebech akalishika jiwe kwa mikono yake, akalishusha. "Nimekuachilia kwa ajili ya Mungu," alisema. "Kesho tunasimama tangu alfajiri, na shingo utaihitaji." Baadhi wakacheka kidogo, na Etagegn akalia bila sauti, machozi yakishukia kwenye uzi wake wa ubatizo.

Asubuhi, kabla ya kutoka, Etagegn alimwendea. Alishindwa kuanza, Zenebech akaanza.

"Mishumaa ya nyumba ngapi?"

"Kumi na nne."

Zenebech alitoa pochi. Halafu akageuka, akamwita padri aliyekuwa anavaa viatu mlangoni. "Abba, njoo tafadhali uone. Nampa mia nne, azirudishe Jumatatu." Akazihesabu noti mbele ya padri, moja moja, akaziweka mezani, hakumpa mkononi. "Na wewe, dada, hesabu."

Etagegn aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Hakuzinusa noti zile wala hakuziinua kwenye mwanga. Lakini alizihesabu, kwa sababu ameambiwa, akamwambia padri zimetimia, akaenda dukani kununua mishumaa.